Jinsi ya Kuivisha Kamera Raba Isiyo Yake

Umenunua kamera ya filamu. Nyeusi, nzito, ukiachia shata inalia mlio wa kugeuza vichwa. Hongera. Sasa igeuze uitazame mgongo. Pale unapoweka jicho pana pete tupu ya chuma, au kidirisha cha plastiki kilichobaki uchi. Raba yake ya jicho haipo. Ilidondoka zamani, pengine kabla hujazaliwa, ndani ya begi la mtu aliyedhani ni kifuniko cha chupa.

Watakushauri utafute ya kiwandani, yenye jina la kampuni, ndani ya kiboksi chake. Utaipata. Ukishaipata utakuta bei yake inakaribia bei ya lenzi ndogo, kwa sababu aliyenayo anajua wewe huna. Achana naye. Kaa hapa nikufundishe kudanganya. Kamera ya mwaka 1982 inaweza kuvaa raba ya kamera ya mwaka 2008 na isitambue tofauti. Inaweza hata kuvaa oringi ya fundi bomba. Ninachotaka kwako ni uchokozi kidogo, rula, na moyo wa kutoona haya.

1. Kubali kwamba unaihitaji

Anza na urembo, usijifiche. Kamera yenye raba nene ya duara inaonekana ya mtu wa kazi. Bibi harusi anatulia zaidi mbele yake, na mpigapicha mwenzako anaiangalia mara mbili. Sababu hiyo peke yake inatosha. Ila nyumbani utaulizwa hela imekwenda wapi, kwa hiyo kariri na hizi nyingine.

Kuna mwanga wa pembeni. Simama ufukweni Bagamoyo saa saba mchana, jua likiwa utosini na mchanga ukilirudisha usoni. Mwanga unapenya kati ya jicho na kioo, picha ndani ya kidirisha inapauka, na hujui tena kama fokasi imekaa kwenye kope au kwenye sikio. Kamera ya zamani inakutegemea wewe kuivuta hiyo fokasi kwa mkono. Isipoonekana, imepotea.

Kisha kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui, nawe ukilijua utaheshimiwa. Kamera nyingi za kioo, yaani zenye kioo kinachoruka ndani unapoachia shata, za filamu na za dijitali, zimewekewa kipima mwanga huko juu, jirani kabisa na kidirisha cha kuchungulia. Canon AE-1 ya 1976 ina kijicho chake juu tu ya kidirisha. Olympus OM-1 na Nikon FM zina viwili, kimoja kila upande. Kijicho hicho hakina namna ya kutenganisha mwanga uliopita kwenye lenzi na ule ulioingia kwa mlango wa nyuma. Kikipata mwingi, kinaamini mbele kuna mwanga mwingi, kamera inabana au inakuambia ubane, na picha yako inatoka na giza. Unalaumu filamu. Unamlaumu aliyeisafisha. Aliyefanya hayo ni tundu lililo wazi nyuma ya kichwa cha kamera.

Fanya jaribio hili leo, halihitaji hata filamu. Weka kamera juu ya meza, dirisha la nyumba likiwa nyuma yake, lenzi ikitazama ukuta wenye kivuli. Soma kipimo ukiwa umejitenga kidogo na kidirisha. Kisha sogea, kizungushie viganja vyote viwili na uchungulie katikati yake, usome tena. Kikibadilika, umejionea mwenyewe kiasi cha mwanga ulichokuwa ukiibiwa.

Zipo kamera zilizokwepa mtego huu. Nikon F3 ya 1980 ilikishusha kipimo chini ya kioo, mbali na kidirisha, na bado waliipa pazia dogo la kukifungia. Watu wale walijua wanachofanya. Kamera za mirolesi, zile zisizo na kioo kinachoruka ndani, zinapima mwanga kwenye sensa yenyewe, kwa hiyo mwanga wa nyuma hauzisumbui katika kupima. Zina balaa lao tutakalolifikia.

Mwisho, mkono. Mikono yako miwili inashika kamera, na raba inaleta nguzo ya tatu, yaani mfupa wa uso wako. Jioni inapoingia na spidi imeshuka hadi 1/30, nguzo hiyo ndiyo inayokupa picha iliyotulia.

2. Tupa orodha, chukua rula

Muuzaji ataanza kwa kukuuliza jina la kamera yako. Usimjibu bado. Ukimpa jina, atakupa namba, na namba itakupa bei.

Kampuni zimetunga herufi na tarakimu nyingi mpaka mtu anaamini kila kamera ilizaliwa na raba yake ya pekee. Kwa kamera za kioo, hali ni nyepesi zaidi. Karibu zote zimegawanyika sehemu mbili. Kuna zenye kidirisha cha duara kilichochongwa hesi, na raba inafungwa kwa kuzungushwa. Kuna zenye kidirisha cha mstatili chenye reli mbili ubavuni, na raba inasukumwa kwa kuteleza juu ya reli hizo. Pitisha ukucha ndani ya pete. Ukikwaruza mistari midogomidogo, una hesi. Ukikuta mfuo wa wima kila upande, una reli.

Sasa pima. Kwa duara, pima upana wa tundu kutoka hesi hadi hesi. Kwa mstatili, pima kutoka ukingo wa nje wa reli moja hadi nyingine. Venia kalipa ya mafundi ni bora, rula ya shule inatosha. Andika namba hiyo kwenye simu. Kuanzia sasa ndiyo jina la kamera yako.

3. Wenye hesi: mmependelewa

Hapa Nikon wanakusaidia bila kukuuliza wewe ni nani. Kwa miongo mingi vidirisha vyao vya duara vimekuwa vya vipimo viwili tu.

Cha kwanza ni milimita 19. Hicho ndicho cha familia ndogo iliyopendwa kuliko zote: FM, FE, FM2, FE2, FA, na FM3A ya 2001 iliyofunga ukoo. Raba moja inayoitwa DK-3 inaingia kwenye zote hizo. Ni laini, ya duara, ina kina, na unaweza kuikunja. Ukikuta muuzaji ametenga raba ya FM kwa bei moja na ya FE2 kwa bei nyingine, chukua ya bei ndogo, umshukuru, uondoke.

Cha pili ni milimita 22, na hapa ndipo utamu ulipo. F3HP ilitoka 1982 ikiwa na hesi hizo. F4 ikazifuata, F5 ikazifuata. Zama zikageuka, filamu ikapisha, na dijitali kubwa za Nikon zikazichukua zilezile: D3, D700, D800, mpaka D850 ya 2017. Miaka 35, hesi moja. Kwa hiyo usitafute vya zamani kwa wauza vya zamani. Nenda kwa anayeuza vitu vya dijitali, ambako hakuna anayependezwa na neno "adimu", ununue cha D700 ukakifunge kwenye F3HP yako.

Na kama unataka kujionyesha kidogo, chukua DK-17M. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya dijitali, ina kioo chake ndani, na inakuza unachokiona mara 1.2. F3HP inakuonyesha dunia kwa ukubwa wa 0.75, ukiifunga DK-17M unafika 0.9, na fokasi ya mkono inakuwa starehe. Mpe rafiki achungulie kwanza bila kumwambia umefanya nini. Ila kama unavaa miwani, subiri mpaka hatua ya saba kabla hujatoa pochi.

Tahadhari moja, na uisome polepole. Kwenye D700, D3 na ndugu zao, kidirisha hakifunguki kwa nguvu. Kwanza funga lile pazia dogo la ndani kwa kijiti chake, ndipo kifuli kinaachia na hesi zinazunguka. Asiyejua hilo huchukua koleo. Usiwe mtu wa koleo.

4. Wenye reli: kuweni macho na herufi

Hawa ni wengi zaidi, na ndio wanaoliwa hela.

Chukua Canon. Raba zao za EOS zinaitwa kwa herufi, na herufi hizo zinafanana kama mapacha. Kuna Eb, kuna Ef, kuna Eg. Mtu ana 5D Mark II ya 2008 inayovaa Eb. Anapata kazi nzuri, anapanda hadi Mark III ya 2012, anaibeba Eb yake kwa imani, na inakataa katakata, kwa sababu Mark III inavaa Eg. Jina la kamera halikubadilika, namba iliongezeka moja tu, na umbo la kidirisha likawa jingine. Ndiyo maana nimekuambia ushike rula uache majina.

Upande wa pili wa herufi hizohizo ni zawadi. Ef, raba ya kamera ndogo za dijitali kuanzia 300D mpaka 700D, ndiyo ileile iliyovaliwa na EOS 300 ya filamu kabla yao. Kamera ile ya filamu siku hizi watu wanakaribia kuigawa bure, na raba yake ipo kwenye duka lolote lenye vifaa vya Canon. Mwanafunzi asiye na hela aanzie hapo.

Wenye AE-1 na A-1, nyinyi mnavaa iliyoitwa 4S. Bado inapatikana ikiwa mtumba, na za kuiga zipo. Chukua ya kuiga. Jicho halisomi lebo.

Nikon wenye kidirisha cha mstatili, yaani D90, D7000, D750 na wengine wa kundi hilo, raba zenu ni vipande vidogo vya plastiki vyenye ngozi nyembamba ya mpira. Zinakinga kidogo sana. Mwanga unapita pembeni kama zisingekuwepo. Mnastahili bora kuliko hapo, na bora yenyewe inafuata.

5. Daraja

Kuna kipande kidogo cha plastiki kiitwacho DK-22. Kilitengenezwa ili kamera za mstatili ziweze kubeba vikuzio vya zamani vyenye hesi. Upande mmoja kina reli, upande wa pili kina duara lenye hesi za milimita 19.

Milimita 19. Umekumbuka?

Basi teremsha DK-22 kwenye reli za D90, kisha zungushia DK-3 ya FM2. Dijitali ya 2008 sasa imevaa raba ya kamera iliyozaliwa robo karne kabla yake, laini, yenye kina, inayolizunguka jicho lote. Pua yako inasogea nyuma na haipaki tena mafuta kwenye kioo cha LCD. Kwa mtu anayepiga picha nje mchana, sijui badiliko la bei ndogo kama hili linaloleta nafuu kubwa hivi. Nalisema kwa dhati, na ningependa kila mwenye kamera ya namna hiyo alijaribu walau kwa siku moja ya jua kali.

Usiikaze sana. DK-22 ni plastiki, DK-3 ina pete ngumu. Zungusha mpaka ikatae, ishia hapo.

6. Ikikataa, chonga

Kuna kamera ambazo rula itakupa namba na dunia haitakupa raba. Hapo unaingia karakana.

Kanuni ya kwanza ndiyo ya mwisho: tupa na msasa viguse raba, visiguse kamera. Raba ni ya kutupwa. Kamera ikichongwa, imechongwa milele.

Tafuta raba ya reli yenye fremu ya plastiki, ya bei ya chini kabisa, ambayo nafasi kati ya kingo zake ni ndogo kidogo kuliko reli zako. Ndogo, sio kubwa. Unaweza kupunguza plastiki, huwezi kuiongeza. Paka penseli laini kwenye reli za kamera, jaribu kuisukuma raba, ivue. Alama nyeusi zitakuonyesha inapogomea. Sugua hapo tu, kwa msasa mlaini, viboko vichache, kisha jaribu tena. Ukifika mahali inapoingia kwa kukaza, acha. Kishawishi cha kusugua kidogo zaidi ili iteleze vizuri ndicho kinachoharibu kazi, kwa sababu raba inayoteleza vizuri inateleza pia kutoka. Ukishapitiliza, bandika utepe mwembamba wa tepu ya umeme ndani ya ukingo mmoja, itakaza upya.

Gundi? Nakuona unaiangalia ile chupa ndogo ya supaglu. Irudishe. Inapokauka inatoa mvuke, na mvuke huo unaganda kuwa ukungu mweupe juu ya kioo na plastiki iliyo karibu. Kidirisha chako kitapauka, na hakuna kitambaa kitakachokisafisha kirahisi. Kama lazima uunganishe mpira wa raba moja na fremu ya nyingine, fanya kazi hiyo mbali na kamera, tumia gundi ya kuchanganya ya chupa mbili, na uache kitu kikauke usiku kucha kwenye chumba kingine ndipo ukivishe.

Njia fupi kuliko zote ni ya wenye pete ya chuma. Nenda na kamera yako duka la vifaa vya bomba, uombe oringi nyembamba inayokaa imara kuzunguka ukingo wa kidirisha bila kuziba kioo. Muuzaji atashangaa, mwache ashangae. Oringi haitazuia mwanga mwingi, ila pete za chuma za kamera za miaka ya 1970 zinakwaruza miwani, na mpira huo mdogo unamaliza ugomvi huo kwa bei ya andazi. Anayetaka kivuli zaidi akate kipande cha tyubu ya baiskeli chenye urefu wa sentimita mbili, akivute juu ya oringi, akipige msasa kwa nje ili kisimetemete. Kwa mbali kinaonekana cha kiwandani. Kwa karibu kinaonekana cha mtu anayejitegemea, na hilo nalo ni sifa.

7. Wa miwani, sogeeni

Mna haki ya kulalamika. Raba yenye kina, niliyoisifu muda wote, kwenu inaweza kuwa ukuta. Jicho lenye miwani linakaa mbali na kioo, na likikaa mbali pembe za picha zinakatika. Nikon walilijua hilo walipotoa F3HP: waliongeza umbali wa jicho hadi milimita 25 na kukubali picha iwe ndogo kidogo, kutoka 0.8 hadi 0.75, ili mwenye miwani aone fremu nzima. Ukiifunga DK-17M juu yake, unakuza picha na kurudisha tatizo walilolitatua. Ndiyo maana niliwaambia msubiri.

Njia ni mbili. Ya kwanza, chagua raba inayokunjika, uikunje kuelekea kamera, miwani ipumzike kwenye mpira laini. Unapoteza kivuli kidogo, unapata fremu yote. Ya pili ni ya wale ambao wangependa wasionekane na miwani hata kidogo mbele ya wageni, nami nawaelewa vizuri. Kamera za dijitali zina gurudumu dogo la dayopta kando ya kidirisha: lizungushe mpaka maandishi ya ndani yawe makali, kisha miwani weka mfukoni. Kamera nyingi za filamu hazina gurudumu hilo, lakini hesi zilezile za FM zinapokea lenzi ndogo ya kurekebisha macho. Ijaribu kwenye kamera yako kabla ya kulipa. Usiagize kwa kufuata namba ya miwani pekee, kwa sababu kidirisha chenyewe tayari kina nguvu yake.

Na kwa wote, wenye miwani na wasio nayo: ukimwazima mtu kamera, ioshe raba kwa maji na sabuni kabla hujaweka jicho lako tena. Waliopitia mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa 2024 Dar es Salaam na Mombasa hawahitaji kuelezwa kwa nini.

8. Mirolesi: punguza ujanja

Hapa nakuomba uwe mpole. Kidirisha cha mirolesi ni skrini ndogo nyuma ya lenzi ya kukuzia, na raba nyingi hazitumii hesi wala reli za kizamani. Kila kampuni ina kibanio chake. Nikon Z6 na Z7 zinachukua DK-29, Sony wana namba zao. Usichonge. Nunua ya kuiga iliyotengenezwa kwa kamera hiyohiyo, ni nafuu vya kutosha.

Ukiipata, angalia kitu kimoja. Karibu na kidirisha kuna sensa inayohisi uso wako ukikaribia, ili kuhamisha picha kutoka skrini ya nyuma kuja ndani. Raba nene iliyokaa vibaya inaifunika, sensa inaamini uso wako uko pale daima, na skrini ya nyuma inabaki nyeusi. Watu wamepeleka kamera nzima kwa fundi kwa sababu hiyo. Ivue raba kwanza.

Balaa lenyewe nililoliahidi ni jua. Lenzi ya kidirisha inakusanya mwanga kutoka nje kama inavyoukuza kutoka ndani. Ukiiweka kamera mezani kwenye baraza, mgongo ukitazama juu saa sita mchana, jua linakusanywa kuwa nukta juu ya skrini ile ndogo na linaweza kuiunguza. Raba haikulindi, maana tundu lake liko wazi katikati. Geuza kidirisha kitazame mbali na jua, au itupie kamera kitambaa. Huku kwetu ikweta hili si onyo la kwenye kijitabu tu.

9. Ukiulizwa

Utaulizwa. Mtu atainama, ataitazama, atasema: "Kaka, hii ni orijino?"

Jibu: "Inakaa." Halafu mpe achungulie. Akishaona pembe zote nne za fremu ziko safi na hakuna mwanga unaomchokoza, atakuwa amesahau swali.

Ila ukija kuiuza kamera kwa mkusanyaji, ivue raba uiweke pembeni, umwambie ilivyo. Unakidanganya kidirisha, humdanganyi mnunuzi. Na kwa kuwa hukuchonga kitu kwenye kamera yenyewe, hana cha kukushusha bei.

10. Itadondoka

Ya hesi itafunguka yenyewe polepole kwa mtikisiko wa gari. Ikaze kila unapobadilisha filamu. Ya reli itavuliwa na ukingo wa begi. Ivue wewe kwanza, uitie mfukoni, ndipo uingize kamera. Ikianza kunata au kuweka ungaunga mweupe, ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, usiisogeze karibu na petroli wala spiriti. Ikiendelea kunata, itupe, imezeeka.

Nunua mbili tangu mwanzo. Moja ivae, nyingine ikae kwenye kifuniko cha nyuma cha lenzi usiyoitumia sana. Na zikidondoka zote ukiwa kazini, usisimame kutafuta. Kama umevaa kofia, ivute mbele kwanza, kisha mkono wa kushoto uwe chini ya lenzi, wa kulia ushike kamera huku kidole cha shahada kikiwa kwenye shata, na uso uusogeze mpaka ukingo wa kofia uguse juu ya kidirisha na shavu liguse kamera. Ukitumia saa ya kuchelewesha kamera ikiwa kwenye stendi, funga pazia la ndani kama lipo. Kama ni Canon EOS ya kioo, tazama kwenye mkanda wa shingoni, huwa kuna kifuniko kidogo cha mpira kilichotengenezwa kwa ajili ya kidirisha, ambacho wengi wanadhani ni pambo.